"Mbona wanakulana mate?" Vidokezo vya kumjibu mtoto anapouliza kuhusu busu

Saa mbili usiku, sebuleni, tamthilia ya Kituruki imefika patamu. Kijana na msichana wamesimama mvuani, nyuso zinakaribiana, na nyumba nzima inajua kinachofuata. Bibi anajikohoza. Kaka mkubwa anakumbuka kwamba ana kiu, anaelekea jikoni. Mkono wa mama unapapasa kochi kutafuta rimoti. Anayebaki ametulia akitazama ni binti wa miaka sita, na ndiye anayeuliza: "Baba, mbona wale wanakulana mate?"

Nyumbani kwetu swali hilo tulilijibu kwa kubadilisha chaneli. Wiki hiyohiyo lilijibiwa shuleni. Rafiki wa darasani alimwambia binti yangu kwamba ukibusiwa unapata mimba, na kwa kuwa shangazi yake alikuwa amembusu shavuni Jumapili, mtoto alikesha siku mbili akijishika tumbo. Siku ya tatu ndipo alipomwambia mama yake, akilia. Nayaandika haya ili wewe usisubiri siku ya tatu.

1. Jibu kwanza, rimoti baadaye

Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hataki hotuba. Anataka sentensi moja: "Wanapendana. Watu wazima wakipendana, wengine huonyesha kwa busu." Mara nyingi atasema "Aah," arudi kwenye mchezo wake. Ukibadilisha chaneli kabla hujamjibu, ametambua kwamba kuna jambo ambalo baba na mama hawawezi kulitamka, na jambo la namna hiyo mtoto hulitafuta kwingine.

Jiepushe na lile jibu letu la haraka, "Nani kakufundisha maneno hayo?" Neno "kulana mate" kalisikia barabarani kama sisi tulivyolisikia. Mpe neno zuri badala yake, "busu", "kubusiana", kisha endelea. Na kabla ya kueleza sana, muulize kwa upole: "Wewe unaonaje, kwa nini wanafanya vile?" Utashangaa. Hapo ndipo hadithi ya mimba ingetoka mapema, na binti yangu angelala.

2. Mwonyeshe kwamba mabusu ni mengi

Mtoto akisema "busu" anafikiria moja tu, la kwenye televisheni. Mengine yamemzunguka ila hayajapewa majina.

Chukua asubuhi ya Idi. Watoto wametoka kuswali, kanzu bado zina mikunjo ya pasi, wanapita nyumba hadi nyumba. Kwa bibi yangu Tanga kila mmoja wetu alimwendea pale alipoketi mkekani, akasema "Shikamoo bibi", akaupokea mkono wake kwa mikono miwili, akainama na kuubusu mgongoni mwa kiganja. Mkono ule ulinukia udi na iliki, na ngozi yake ilikuwa laini, nyembamba, imepita miaka mingi ya kukuna nazi. Bibi naye aliuvuta mkono wako kwake, akaubusu palepale. "Marahaba mwanangu, Mungu akukuze." Kisha ndipo fundo la pindo la kanga lilipofunguliwa na sarafu ikatoka.

Lile ni busu la heshima. Halina tamthilia ndani yake hata chembe, na mtoto aliyelipokea analijua tayari. Mwambie tu: "Unakumbuka ulivyombusu bibi mkono? Nalo ni busu. Unakumbuka mama anavyokubusu paji la uso ukiwa na homa? Nalo ni busu, ila linasema kitu kingine."

Ukimpeleka mbele kidogo, mwonyeshe mabusu ya dini, yenu na ya jirani. Mwislamu akifika Makka hulibusu Hajar al-Aswad, jiwe jeusi lililo kwenye pembe ya Kaaba, akipata nafasi. Akibanwa na umati huliashiria kwa mkono akapita. Imepokewa kwamba Umar bin Khattab, sahaba wa Mtume, alisimama mbele ya jiwe hilo akasema wazi kwamba anajua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa sababu alimwona Mtume akilibusu. Mtoto wa miaka minane huyaelewa maelezo hayo haraka: kuna wakati unabusu kitu kwa ajili ya umpendaye. Kwa Wakatoliki, padri akiingia kuanza Misa huibusu altare, na Ijumaa Kuu waumini hupanga foleni kwenda kuubusu msalaba. Papa Yohane Paulo wa Pili alijulikana kwa kupiga magoti na kubusu ardhi ya nchi anayofika kwa mara ya kwanza. Na mchezaji mpira akinyanyua kombe hulibusu, jasho likimtiririka, mbele ya uwanja mzima.

Akishayaona yote hayo, lile busu la mvuani linarudi kuwa moja kati ya mengi, lenye wenyewe na mahali pake.

3. Mpeleke Gombe, hata kama ni kwa maneno tu

"Lakini kwa nini mdomo, baba? Si wangeshikana tu mikono?" Swali zuri, na jibu lake lina mtu na wanyama ndani yake, kwa hiyo watoto hulipenda.

Julai 1960 Jane Goodall, msichana wa Kiingereza wa miaka 26, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kuwachunguza sokwe mtu. Miongoni mwa aliyoyaona na kuyaandika ni kwamba sokwe wale wakikutana baada ya kutengana hukumbatiana, hushikana mikono, na hubusiana. Uholanzi nako, katika bustani ya wanyama ya Arnhem, mtafiti Frans de Waal aliona katika miaka ya 1970 kwamba sokwe waliogombana huweza kurudiana muda mfupi baadaye, mmoja akamwendea mwenzake na kumbusu. Simulia hapo, halafu nyamaza uone watoto wawili waliogombania baiskeli wanavyotazamana.

Kuhusu mdomo wenyewe: ngozi ya midomo ni nyembamba sana na imejaa mishipa ya fahamu, ndiyo maana mtoto mchanga hupeleka kila kitu mdomoni, kuanzia kidole mpaka kamba ya kiatu. Anaijua dunia kwa mdomo kabla hajaijua vizuri kwa macho. Maziwa ya mama nayo kayapata kwa mdomo. Wapo wataalamu wanaodhani busu lilianzia kwa akina mama waliowatafunia wanao chakula kabla ya kuwapa. Wengine wanasema lilianzia kwenye kunusana. Hawajaafikiana, na mtoto anafurahi kusikia kwamba hata wasomi bado wanabishana kuhusu jambo analouliza yeye.

4. Mwambie pia kwamba wapo wanaopendana bila kubusiana

Televisheni inaweza kumfanya mtoto aamini kwamba asiyebusu hapendi. Mwaka 2015 mwanaanthropolojia William Jankowiak na wenzake walichapisha uchunguzi wa jamii 168 za dunia, wakakuta busu la kimapenzi la mdomo kwa mdomo katika jamii 77 tu, yaani asilimia 46. Chini ya nusu! Watu wa jamii zilizobaki nao wamependana, wameoana, wamezeeka pamoja.

Mpe mifano ya karibu. Mtoto wa Kimaasai humwinamishia mzee kichwa, na mzee humgusa utosini. Mguso ule mwepesi ndiyo salamu, ndiyo baraka. Katika nchi za Ghuba, Oman ikiwemo, utawakuta wanaume wakisalimiana kwa kugusanisha pua. Wamaori wa New Zealand hugusanisha pua na paji la uso, salamu wanayoiita hongi. Jaribuni pua kwa pua hapo nyumbani. Kicheko kitakachofuata kinatosha kuwa somo.

Na jiandae, kwa sababu swali linalofuata ni hili: "Mbona wewe humbusu mama?" Mimi niliulizwa mezani, bibi yupo, wageni wapo. Nilimjibu: "Namwonyesha mama mapenzi kwa njia nyingi. Nyingine ni za chumbani, zetu sisi wawili. Nyingine unaziona: akirudi kazini usiku nani anamchemshia maji ya kuoga?" Akafikiri, akasema, "Wewe." Basi. Kama ninyi hubusiana mbele ya watoto shavuni au kipajini, vizuri, na kama hambusiani, mtoto ajue mapenzi ya nyumba yake yanaonekana wapi.

5. Shikamoo ni lazima, busu ni hiari

Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo tunapokosea kwa nia njema.

Mgeni amefika, tuseme ni mjomba wa mbali. Ana mfuko wa zawadi. Mtoto amejificha nyuma ya dera la mama yake, jicho moja tu linaonekana. Mjomba anatoa pakiti ya biskuti, anaiinua juu: "Njoo unibusu ndiyo nikupe." Mtoto anatikisa kichwa. Watu wazima wanacheka. Shangazi anamsukuma mgongoni kwa upendo kabisa: "Nenda bwana, mjomba wako huyo!" Mtoto anakwenda amekaza shingo, anabusu haraka, anajifuta mdomo kwa mkono, watu wanacheka tena, na biskuti inatolewa.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Lakini tazama alichofundishwa: uso wake ni wa yeyote aliye mkubwa kuliko yeye, hofu yake ni ya kuchekwa, na bei ni pakiti ya biskuti. Siku mtu asiye mjomba atakapokuja na biskuti, mtoto huyu atakuwa ameshafanya mazoezi.

Kanuni ya nyumbani kwetu ni fupi na watoto wanaikariri: shikamoo ni lazima, busu ni hiari. Mkubwa akifika unasimama, unaamkia, unapokea mzigo, unaleta maji ya kunywa. Hayo hayana mjadala. Busu na kukumbatia ni zawadi, na zawadi hutolewa na mwenye nayo. Mtoto asiyetaka kubusu ana njia zake: kutoa mkono, kugonga tano, kupunga mkono. Na ule mkono wa bibi? Hata huo. Asipotaka leo, aamkie tu.

Najua kuna atakayesema tunawalea Kizungu. Sikubali. Adabu ya Mswahili imekaa kwenye salamu tangu zamani, na mzee aliyeamkiwa vizuri, akapokewa kapu lake na kuwekewa mkeka hajavunjiwa heshima kwa kukosa busu. Kinachohitajika ni mzazi kumtangulia mtoto kusema, kwa uso mkunjufu: "Mjomba, leo kasema atakupa mkono." Ukisema wewe, mtoto hawi mkaidi. Ukinyamaza, amebaki peke yake mbele ya ukoo mzima.

Kanuni hii inatuhusu na sisi wazazi. Binti yangu sasa ana miaka tisa, na asubuhi moja kwenye geti la shule niliinama nimbusu kichwani kama kawaida, akarudi nyuma hatua moja. "Baba, leo hapana." Nikasema sawa, nikampungia mkono. Jioni nilikuwa nimekaa barazani nasoma gazeti, akaja mwenyewe kutoka nyuma, akanibusu kisogoni, akaondoka mbio. Nisingelibadilisha busu lile kwa mia niliyomlazimisha.

6. Waigizaji wako kazini

Hili halihitaji maneno mengi. Mweleze kwamba wale wawili wanalipwa, mvua ile inaweza kuwa ya bomba, pembeni wamejaa watu wenye kamera na taa, na tukio moja laweza kurudiwa mara nyingi. Wakimaliza kila mmoja anakwenda kwake. Lakini usitumie "wanaigiza tu" kama mlango wa kutorokea. Wanaigiza jambo ambalo watu wazima hulifanya kweli, na mtoto analijua hilo.

Kama tamthilia haifai umri wake, zima, kisha sema kwa nini: "Hii ni ya wakubwa, tutaangalia nyingine." Kuzima si kosa. Kuzima kimyakimya ndiko kunakoacha swali hewani.

7. La mimba na la Ukimwi, jibu bila kupepesa macho

Sema hivi: "Hapana. Busu halileti mimba, la shavuni wala la mdomoni." Kwa mtoto mdogo, ishia hapo. Aliyefikisha miaka tisa au kumi anaweza kusikia zaidi: kwamba mimba huanza mbegu ya mwanamume inapokutana na yai la mwanamke ndani ya mwili wake, na kwamba hilo halitokei kwa kubusiana. Sema kwa sauti ileile unayotumia kueleza jinsi mbegu ya mahindi inavyoota. Akiona unatazama chini, naye atatazama chini.

Swali la pili linakuja kwa minong'ono: "Ukimbusu mtu mwenye Ukimwi unaambukizwa?" Mate hayaambukizi virusi vya Ukimwi. Kumbusu shavuni mama mdogo anayetumia dawa za kufubaza virusi, kula naye sahani moja, kulala kwenye kitanda chake, hakuna dhara lolote. Zipo nyumba ambamo mtu mzima mwenye upendo amekaa miaka bila kuguswa na watoto wa ndugu zake kwa sababu hakuna aliyewaambia sentensi hiyo moja. Waambie wako leo.

8. Mfundishe palipo na hatari ya kweli: kichanga

Watoto hupenda kusikia kuhusu vijidudu, kwa hiyo anza na hili. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichunguza jozi 21 za wapenzi na kukadiria kwamba busu moja la mdomo la sekunde 10 huweza kuhamisha bakteria milioni 80. Wengi wao hawana madhara yoyote. Midomo yetu imejaa bakteria tangu asubuhi hadi usiku. Usimtishe.

Mtishe kidogo, ukitaka, kwa ajili ya mdogo wake aliyezaliwa juzi. Virusi vya herpesi, vile vinavyoleta malengelenge kwenye midomo, wanavyo watu wengi mno: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ni zaidi ya watu bilioni 3 wenye umri wa chini ya miaka 50. Kwa mtu mzima ni kidonda cha siku chache. Kwa kichanga vinaweza kuwa ugonjwa wa kutishia maisha. Mafua na kifaduro navyo hupita njia hiyohiyo ya uso kwa uso. Ndiyo maana naipenda desturi yetu ya arobaini, mama na mwana wakikaa ndani bila kupitiwa na kila mkono. Mweleze mtoto kanuni tatu: nawa mikono kwanza, usimbusu mdogo wako mdomoni wala viganjani kwa sababu viganja vinaishia mdomoni mwake, na ukiwa na mafua au kidonda mdomoni usimbusu kabisa. Mpe sehemu yake ya kubusu, ule unyayo mdogo. Atajivunia kuulinda.

Wageni nao waambieni hivyohivyo. Mama aliyetoka kujifungua asiachiwe peke yake kazi ya kuwazuia watu.

9. Busu halina siri

Mtoto aliyeyapata hayo yote, kwamba mabusu ni mengi, kwamba lake ni hiari, kwamba baba na mama hulitamka neno hilo bila aibu, sasa ana masikio ya kusikia hili la mwisho. Busu linaweza kudanganya. Wakristo wanamkumbuka Yuda, aliyemtambulisha Yesu kwa waliokuja kumkamata kwa kumbusu. Mwambie mwanao kwa maneno mepesi: "Mtu yeyote akikubusu, au akikugusa mahali, kisha akakwambia usimwambie mama, hapohapo ujue ni jambo la kumwambia mama. Hata kama ni mtu tunayempenda. Hata kama amekupa zawadi na umeshaila. Sitakupiga na sitakukasirikia."

Sentensi ile ya mwisho usiisahau, kwa sababu wengi hunyamaza wakiogopa kipigo cha biskuti waliyokula. Na akija kukwambia, msikilize mpaka mwisho kabla ya kupaza sauti. Usimpeleke kwa huyo mtu "mkayamalize". Mambo haya hayamalizwi kwenye kikao cha ukoo.

Namba ya kupiga ni 116. Ni simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure, na inafanya kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Iandike kwa kalamu nene nyuma ya mlango wa jikoni, chini, pale macho ya mtoto yanapofika, na umsomeshe tarakimu hizo tatu usiku wa leo.